Jinsi nilivyoifanya grafu ya jenomu isomeke na madaktari

Grafu ya jenomu hukusanya jenomu, yaani DNA nzima, za watu wengi katika mchoro mmoja: kila kipande cha DNA huwa nodi, na mistari huunganisha vipande vinavyofuatana. Rasimu ya panjenomu ya binadamu, ambayo ni grafu ya namna hiyo, iliyochapishwa mwaka 2023 ilijengwa kutokana na watu 47, na ukifungua hata sehemu yake ndogo katika Bandage, programu ya kuchora grafu hizi, bila maandalizi, utakutana na msokoto usio na mwanzo wala mwisho.

Nilitakiwa kuwaeleza madaktari jeni za C4 zilizoko kwenye kromosomu ya 6, ambazo idadi yake hutofautiana baina ya mtu na mtu, na uchache wake huhusishwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Ushauri wa kwanza niliopewa, tena kwa kujiamini kukubwa, ulikuwa kuipa kila nodi rangi yake. Bandage hufanya hivyo yenyewe, ikigawa rangi kiholela, na hapo ndipo ubaya ulipo: mtazamaji huamini kwamba nyekundu na kijani zina maana, akaanza kuitafuta. Mwingine alitaka kila nodi iandikwe namba, kana kwamba daktari atazifanyia kazi namba hizo.

Mimi nilipunguza. Nilikata eneo la C4 peke yake kwa programu ya odgi, nikabakiza rangi mbili: moja ya jeni, nyingine ya kipande cha virusi vya kale chenye besi (herufi za DNA) zipatazo 6,400, ambacho kikiwemo jeni huwa ndefu na kisipokuwemo huwa fupi. Mengine yote niliyatia kijivu, nikatangulia kueleza kwamba mikunjo ya mchoro hutokana na namna programu inavyotawanya nodi na haina maana yoyote ya kibiolojia.

Kikabaki kitanzi. C4A na C4B, aina mbili za jeni ya C4, hufanana mno hata hulazwa juu ya njia moja inayojirudia kama kitanzi, kwa hiyo grafu tupu haikuonyeshi ni kromosomu ipi ina nakala mbili na ipi ina tatu. Dawa yake, ambayo naifurahia hadi leo, ilikuwa kuchora juu ya grafu safari za kromosomu tatu tu nilizozichagua, kila moja na mstari wake, mfano wa daladala za barabara moja ambazo hii huzunguka kipilefti mara moja na ile mara mbili au tatu kabla ya kuendelea. Chini yake niliziweka safari zizo hizo zikiwa zimenyooshwa kwa kipimo kimoja, nakala zikifuatana. Nilimpa karatasi mwenzangu asiyejua grafu, bila kumweleza neno, akahesabu nakala zote sawasawa.

Programu zote hizo ni za bure. Gharama yangu ilikuwa muda, na mwingi ulikwenda katika kuchagua safari hizo tatu. Tofauti yenyewe ya C4A na C4B ni besi chache katika eksoni ya 26, kimojawapo cha vipande vya jeni vyenye maelekezo ya protini, hivyo haionekani kwa kipimo hicho. Niliitengea mchoro wake, na sishauri mtu aibane ndani ya ule mkubwa.