Kivuli kimeibiwa

Likizo ya kiangazi, wiki ya tatu. Michezo imetuishia, ugomvi ndio hauishi.

Asubuhi na mapema nikawapa watoto wangu chaki, nikawatuma uani wachorane vivuli. Msinisifu. Sikuwaza sayansi, nilitaka nusu saa ya kimya tu.

Vikachorwa. Virefu, vyembamba, miguu kama ngazi. Kitinda mimba wangu, miaka minne, akamlaza kaka yake chini amlinganishe na kivuli chake mwenyewe. Kivuli kikashinda! Mtoto akatembea kifua mbele mpaka basi.

Saa sita mchana nasikia kilio. Natoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

Kasimama palepale kwenye alama za chaki, anatazama chini. Kivuli kimebaki kidogo, kimejikunja miguuni.

"Mama, wamekiiba!"

Nikamweleza: jua likipanda juu, kivuli hufupika. Likishuka, kitarudi. Akaniangalia kama vile na mimi ni mshukiwa.

Basi akakaa kulinda. Kila kikisogea, anaweka kijiwe. Hakucheza, hakugombana na mtu. (Kimya changu nikakipata, tena cha bure.)

Jioni kikarudi kweli, kirefu vilevile, ila kimelalia upande wa pili.

Akakitazama weee. Kisha akaninong'oneza:

"Hiki si changu. Hiki ni cha Baba."

Sasa hivi kalala, chaki bado iko mkononi. Sijathubutu kuitoa.

Wenu leo wamewafanyia vituko gani? Leteni, nicheke kidogo kabla hakujakucha.