Kumwandikia kumbukumbu aliyeishi na figo ya mtu mwingine

"Baada ya kuugua kwa muda mrefu." Ndivyo tanzia nyingi za watu waliopandikizwa figo zinavyosema, kisha zinakwenda kwenye ratiba ya mazishi. Kwa tangazo, maneno hayo yanatosha. Kwa wasifu hayafai hata kidogo, maana yanameza miaka kumi au kumi na mitano ambayo marehemu hakuwa amelala kitandani. Alikuwa kazini, akilea, akisafiri, na katikati ya hayo akifuata utaratibu ambao wengi wetu ungetushinda ndani ya wiki mbili.

Tazama Richard Herrick. Hutajwa kwa tarehe moja, 23 Desemba 1954, siku alipowekewa figo ya pacha wake Ronald mjini Boston, upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya siku hiyo aliishi miaka minane, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili. Hiyo miaka minane ndiyo habari yenyewe.

Anzia kipindi cha kabla. Kama alikuwa kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, piga hesabu: kawaida ni takriban saa nne, mara tatu kwa wiki, yaani zaidi ya saa 600 kwa mwaka, bila safari ya kwenda na kurudi wala uchovu wa jioni yake. Mtu ambaye mkojo umekaribia kukoma hupimiwa hata maji ya kunywa. Kwa hiyo ukimhoji mwenzi wake, usiulize tu "operesheni ilikwendaje". Uliza kuhusu glasi ya kwanza ya maji baada ya figo mpya kuanza kazi.

Na usiandike kwamba "alibadilishiwa figo". Zile za zamani kwa kawaida haziondolewi. Mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja juu ya kinena, mishipa yake ya damu ikaunganishwa na ile mikubwa inayoelekea mguuni, na mrija wake wa mkojo ukashonwa kwenye kibofu. Wengi wa waliopandikizwa basi walikuwa na figo tatu, na wajukuu husikiliza habari hiyo kwa makini kuliko hotuba yoyote.

Sehemu ya dawa ndiyo inayostahili nafasi kubwa, na ndiyo inayorukwa. Kinga ya mwili kwa kawaida haizoei kiungo cha mtu mwingine hata baada ya miaka ishirini. Inatulizwa tu, kila siku. Takrolimusi, dawa kuu ya kuituliza, ile ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, mathalani saa mbili asubuhi na saa mbili usiku: mara 730 kwa mwaka. Mara nyingi dawa nyingine mbili za kutuliza kinga, mikofenoleti na kiasi kidogo cha prednisoloni, huongezwa. Dozi zikirukwa, kiwango hushuka kwenye damu na mwili unaweza kuanza kuikataa figo bila maumivu yoyote, huku kreatinini, taka ya damu ambayo figo huiondoa, ikipanda kimyakimya. Kiwango kikizidi, dawa hiyohiyo huiumiza figo iliyopaswa kulindwa nayo. Ndiyo sababu asubuhi ya kliniki alitoka bila kumeza dozi, akiwa ameibeba mfukoni: damu hupimwa kabla ya dozi, wakati kiwango kiko chini kabisa. Ndiyo sababu pia alikataa balungi mezani. Tunda hilo huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja takrolimusi, nayo ikapanda kupita kiasi. Jamaa waliodhani anaringa sasa wajue.

Haya yote huwezi kuyapata kichwani mwa wafiwa, kwa hiyo tafuta vitu. Kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku saba. Daftari la presha, uzito na mkojo, hasa la miezi ya mwanzo ambapo kliniki ni mara mbili au tatu kwa wiki. Kengele za simu: zina saa kamili, na wakati mwingine zina jina alilozipa mwenyewe. Zinakili kabla simu haijafutwa au kupewa mtu mwingine.

Kuna suala la picha. Familia hupenda kuchagua za kabla ya operesheni, kwa sababu za baadaye zinaonyesha mashavu yaliyojaa. Uso huo wa mviringo ni kazi ya prednisoloni, na huonekana zaidi katika miezi ya dozi kubwa. Mikono inayotetemeka akishika kikombe ni takrolimusi. Fizi zilizovimba au vinyweleo vingi usoni mara nyingi ni siklosporini, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Kofia pana kila picha ya nje? Dawa hizi huongeza sana hatari ya saratani ya ngozi, naye alikuwa anajikinga na jua. Weka picha hizo na uandike maelezo chini yake. Ukiziacha, unafuta miaka ileile unayotaka ikumbukwe.

Kuhusu kilichomuua, usikimbilie kusema "figo ilikataa". Wengi hufariki figo ikiwa bado inafanya kazi: ugonjwa wa moyo, maambukizi na saratani huchukua wengi. Kama cheti kinataja nimonia, andika nimonia. Tofauti hii si ndogo kwa aliyetoa figo akiwa hai, awe dada, mume au rafiki. Mtu huyo ana msiba wa aina yake, na neno la kizembe kama "figo yako ilimwangusha" litamkaa miaka. Muombe ruhusa kabla ya kumtaja. Akikataa, "ndugu yake" inatosha.

Kama figo ilitoka kwa marehemu asiyejulikana, punguza usahihi kwa makusudi. Tarehe kamili ya operesheni, jina la hospitali na aina ya kiungo vikiwekwa pamoja, mtu anaweza kuvilinganisha na habari za ajali za siku hiyo akaifikia familia ambayo haikuomba kupatikana. "Mwanzoni mwa mwaka 2009" inatosha. Ukitaka kuishukuru familia hiyo, pitia mratibu wa upandikizaji wa kituo alichotibiwa. Kwa kawaida barua haibebi jina la ukoo, anwani wala mji. Mratibu huisoma kwanza, kisha huipeleka kama wenyewe wako tayari. Ukurasa mmoja unatosha: miaka mingapi aliishi, alifanya nini nayo, nani walibahatika kuwa naye kwa sababu hiyo. Jibu linaweza lisije, na hilo si dharau.

Mpigie mratibu huyohuyo kutoa taarifa ya kifo, la sivyo miadi ya kliniki itaendelea kuingia kwenye simu. Dawa zilizobaki zirudishwe kwenye duka la dawa au kliniki. Ni ghali na huruma itakusukuma kumgawia mgonjwa mwingine, lakini dozi hupangwa kwa vipimo vya mtu mmoja, na hata kubadili aina moja ya takrolimusi kwa nyingine huhitaji kupima damu upya. Kapsuli za mikofenoleti zisifunguliwe wala vidonge vyake kusagwa, na mjamzito asivishughulikie kabisa, kwa kuwa dawa hiyo hudhuru mimba.

Jambo moja lisiishie kwenye wasifu. Andika ugonjwa ulioharibu figo zake za kwanza kwa jina lake. Kama ulikuwa ule wa uvimbe-maji mwingi kwenye figo unaorithiwa na kujitokeza ukubwani, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata, na kipimo cha presha pamoja na ultrasaundi huweza kuuonyesha mapema. Nakala ya ukurasa huo ipelekwe kwa watoto wote, hata wasiohudhuria mazishi.