Mwaka Kogwa na hesabu ya siku zake

Kila ifikapo Julai, picha za wanaume wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, Zanzibar, wakitandikana kwa migomba huenea mitandaoni, na kwa watazamaji wengi Mwaka Kogwa, sherehe ya kukaribisha mwaka mpya wa Nairuzi, huishia hapo. Mapigano yenyewe hayachukui muda mrefu. Wanaume wa upande wa kusini na wale wa kaskazini hukutana uwanjani na kucharazana kwa mashina laini ya migomba, yaliyochukua nafasi ya fimbo za zamani, ili kila mwenye kinyongo akitoe na ugomvi wa mwaka uliopita usivuke kuingia mwaka mpya. Wanawake, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, hupita wakiimba, na baadhi ya nyimbo hizo hazina haya hata kidogo.

Kinachonivutia mimi zaidi ni hesabu ya siku inayoileta sherehe hii. Mwaka wa Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi, una siku 365 tu: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kuufunga. Kwa kuwa hauongezewi siku katika mwaka mrefu, Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka huo, hurudi nyuma takriban siku moja kila miaka minne ukiilinganisha na kalenda ya kawaida, na ndiyo maana katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwandamo wa mwezi, huongoza saumu na sikukuu, lakini haiwezi kumwambia mkulima kwamba vuli imekaribia, kwa sababu miezi yake huzunguka misimu yote. Wakulima na mabaharia wa pwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu thabiti, walihesabu miongo tangu Nairuzi ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa kungoja kusi igeuke kaskazi, wala hawakuona kalenda hizo mbili zikigombana.

Baada ya mapigano, mzee wa mila huingia katika kibanda cha makuti, kibanda kikatiwa moto, naye akatoka na kukimbia kabla hakijateketea. Wapo wanaotazama moshi unaelekea wapi ili wabashiri mwaka ujao. Kisha watu hurudi majumbani kula. Kwa desturi ya Makunduchi, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na mkosi, hivyo hata asiyejulikana huitwa aketi mkekani. Siku hizi ngoma na muziki wa spika huendelea ufukweni hadi usiku, jambo ambalo wazee wengine hulalamikia na vijana hulisubiri mwaka mzima. Mgeni anayepanda gari kurudi mjini mara tu moto unapozimika huwa ameikosa karamu, ambayo kwa wenyeji ina uzito kuliko migomba.