Debian 13: Icinga yasema kila mashine imekufa, SmokePing inachora tu

Imekubali. Kontena ya ufuatiliaji wa mtandao sasa iko Debian 13, Icinga 2 (programu inayopima kama mashine na huduma ziko hai) imerudi kijani, na sikulazimika kuibandikia ping ruhusa kwa `setcap`, amri ya kuipa faili ruhusa maalum ya keneli. Tatizo halikuwa Icinga hata kidogo. Ni mabadiliko mawili ya Debian yaliyokutana na ukomo wa kontena, na kila moja lilikuwa linalificha jingine.

Mpangilio: kontena ya LXC isiyo na mamlaka (root wake ni mtumiaji wa kawaida tu kwenye mashine mama), juu ya kompyuta ndogo kuukuu ya Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi. Inapima ruta, anwani moja inayofikiwa hapa hapa Nairobi kupitia KIXP (kituo ambapo watoa huduma wa Kenya hubadilishana trafiki), na seva moja London.

Baada ya `apt full-upgrade` na kuwasha upya, kila mashine ikawa DOWN. Lakini huduma za HTTP na SSH za mashine hizo hizo zilisomeka OK, na SmokePing, inayochora grafu za ucheleweshaji wa mtandao, iliendelea kuchora bila pakiti hata moja kupotea. Ukiona picha ya namna hiyo, usiguse kebo wala usimpigie mtoa huduma. Angalia nani anatuma pakiti. SmokePing hutumia `fping`, ambayo ina ruhusa yake ya `cap_net_raw` (ruhusa ya kutumia soketi ghafi) kwenye faili. Amri ya `hostalive` ya Icinga huita `check_ping`, nayo huita `ping` ya kawaida kisha husoma maandishi inayotoa. Hiyo `ping` ndiyo iliyobadilika: kwenye Debian 13 haiji tena na `cap_net_raw`. Inafungua soketi ya ICMP (itifaki ambayo ping hutumia) ya aina ya datagramu, na keneli huamua nani aruhusiwe kwa kuangalia kikundi cha mtumiaji dhidi ya `net.ipv4.ping_group_range`.

Kupima ukiwa root ni kujidanganya, kwa sababu root akikataliwa soketi ya datagramu anaangukia soketi ghafi na kila kitu kinaonekana kizima. Kwenye Debian Icinga 2 huendeshwa na mtumiaji `nagios`, basi pima naye:

`runuser -u nagios -- ping -c3 9.9.9.9`

Jibu ni `Operation not permitted`, likifuatiwa na mstari unaouliza kama `cap_net_raw` inakosekana. Mstari huo umepoteza watu wengi. Ukiufuata utapiga `setcap`, ping itafanya kazi, na toleo jipya la iputils (kifurushi chenye ping) likiingia faili inabadilishwa na ruhusa inaondoka nayo. Hali ni hiyo hiyo ukirudisha kontena kutoka nakala ya `tar` iliyofungwa bila `--xattrs`.

Sasa soma thamani yenyewe:

`sysctl net.ipv4.ping_group_range`

Ikitoa `1 0`, hakuna kikundi kinachoruhusiwa. Hiyo ndiyo chaguo-msingi ya keneli, na kila nafasi mpya ya mtandao (network namespace, kila kontena ina yake) huanza nayo, hata kama mashine mama imeshafunguliwa. Debian imeweka dawa kwenye kifurushi cha `linux-sysctl-defaults`, lakini kifurushi hicho huja kama pendekezo tu. Sisi tunaozima mapendekezo ya apt ili kontena zibaki nyembamba hatukipati.

Nikakisakinisha, nikawasha upya, bado `1 0`. Hakuna kosa lolote kwenye `journalctl -u systemd-sysctl`. Hapa ndipo usiku ulipokwenda.

Jibu limo ndani ya `/usr/lib/sysctl.d/50-default.conf`. Mstari wa ping unaanza na kistari, na kwa systemd kistari hicho maana yake ni "ikishindikana, nyamaza". Kuweka thamani hiyo kwa mkono ndiko kulikoitoa siri:

`sysctl -w net.ipv4.ping_group_range="0 2147483647"`

Keneli inajibu `Invalid argument`. Namba zote mbili lazima ziwe vikundi vilivyo kwenye ramani ya kontena. `cat /proc/self/gid_map` inaonyesha `0 100000 65536`, yaani kontena inavijua vikundi 0 hadi 65535 tu. Zaidi ya hapo, kwa keneli, ni kikundi kisichokuwepo, na inakataa mstari mzima badala ya kuukata.

Kwa hiyo `/etc/sysctl.d/60-ping.conf`:

`net.ipv4.ping_group_range = 0 65535`

Halafu `systemctl restart systemd-sysctl`. Namba 60 inahakikisha faili hii inasomwa baada ya ile ya 50, na ufunguo uleule ukijirudia, wa mwisho ndio unaoshika. Mpangilio huu unatawala ping ya IPv6 pia, licha ya jina lake. Anayetaka kubana zaidi aweke gid (namba ya kikundi) ya `nagios` mara mbili.

Usiandike mstari huo ndani ya `/etc/sysctl.conf`. Debian 13 haiisomi tena wakati wa kuwaka. Kwenye mashine mama hilo liliondoa pia `net.core.rmem_max` (ukubwa wa juu wa bafa ya kupokea) niliyoipandisha kwa ajili ya `nfcapd`, programu inayokusanya rekodi za trafiki za NetFlow, ikarudi 212992. Ukikusanya NetFlow, angalia `nstat -az UdpRcvbufErrors`. Ikipanda, hamisha mistari yako kwenda `/etc/sysctl.d/`.

Mpango ulikuwa kuingia LibreNMS, mfumo mwingine wa ufuatiliaji, baada ya hapa. Umeahirishwa, maana swali jingine limenishika: kwa nini bado tunatumia `check_ping`, programu inayosoma maandishi ya programu nyingine? `check_icmp` hutuma pakiti yenyewe na ina ruhusa yake. Kwenye `templates.conf`, `hostalive` nimeibadilisha kuwa `icmp`. Ila mipaka yake ya chaguo-msingi ni onyo kwa milisekunde 100 na hatari kwa 200. Kutoka Nairobi, London inapita 100 siku ya kawaida. Onyo halina shida, Icinga huhesabu mashine yenye onyo kuwa iko hai. Lakini njia ikizunguka, kama Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, ukivuka 200 mashine nzima inatangazwa DOWN ilhali inajibu. Nimerudisha mipaka ya `hostalive`:

`vars.icmp_wrta = 3000`
`vars.icmp_wpl = 80`
`vars.icmp_crta = 5000`
`vars.icmp_cpl = 100`

`icinga2 daemon -C`, kisha reload. Ucheleweshaji wenyewe nauachia SmokePing, ndiyo kazi yake.