Usiku tuliosikiliza treni ya Rural Retreat na mjomba

Mjomba wangu ujana wake aliumalizia kwenye injini za mvuke, kazi yake kutupia makaa kwenye moto, na mpaka anastaafu alikuwa hazipendi picha za treni. Anasema picha haikwambii injini inafanya nini. Sasa siku hiyo kaja kututembelea, nikakumbuka nina rekodi moja ya zamani niliyoitoa intaneti, nikaunganisha simu na spika, nikazima tivii watoto wakanuna.

Ile rekodi ni ya mpiga picha Mmarekani, O. Winston Link, jamaa wa New York ambaye kuanzia 1955 alikuwa anaifuata reli ya Norfolk and Western, maana ndio kampuni kubwa ya mwisho kule Marekani kung'ang'ania mvuke wakati wenzake wengi washahamia dizeli. Alikuwa anabeba kamera, taa kibao, na mashine ya kurekodi ya tepu. Hii aliirekodi mkesha wa Krismasi 1957, stesheni ya kijimji kinaitwa Rural Retreat, Virginia, akiisubiri treni ya abiria inaitwa Pelican.

Mwanzoni unasikia kengele za kanisa tu zinapiga nyimbo za Krismasi, mjomba akaniangalia kama vile nimekosea faili. Nikamwambia subiri. Mara honi kwa mbaaali, nzito, sio ile ya kupiga kelele, mzee akakaa wima hapohapo.

Treni ilipoanza kuondoka akaweka kidole mezani akawa anagonga. Puf, puf, puf, puf, halafu anagonga kwa nguvu zaidi, tena puf nne. Nikamuuliza unafanya nini, akasema nyamaza, nahesabu. Kumbe injini ya silinda mbili inapumua mara nne kila gurudumu kubwa likizunguka mara moja, kila silinda inatoa mvuke mara mbili, mbele na nyuma. Akaniuliza hayo magurudumu ukubwa gani, nikatafuta, ni injini za aina ya J, kipenyo inchi 70, yaani kama mita 1.78. Basi mzunguko mmoja ni karibu mita tano na nusu, kwa hiyo ukisikia puf nne kwa sekunde moja treni iko kwenye kilomita 20 kwa saa. Mzee akapiga hesabu hiyo kichwani huku kengele bado zinalia, mimi na kalkuleta yangu nikabaki nyuma, kusema kweli nimeisikiliza rekodi hiyo miaka na nilikuwa nasikia kelele nzuri tu.

Kilichomkera ni kitu kimoja, eti huyo Link angesogeza maiki karibu na injini kidogo. Tukabishana sana hapo, mimi nasema akisogea tu kengele zinapotea, na bila kengele hiyo ni treni yoyote ile. Hakukubali. Nilipomwambia 1960 kampuni ikaachana na mvuke kabisa akasema "walichelewa sana, ile kazi inaua mgongo", halafu akataka irudiwe.

Asubuhi akaja na simu yake, anataka hiyo rekodi iwe mlio wa simu. Nikamwambia mjomba, mpaka treni ifike aliyekupigia ameshakata. Tukamkatia kipande cha honi tu.