Naona Watu Kama Miti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Marko 8:22-26, yule kipofu wa Bethsaida.

Jumatatu nikiwa kwenye daladala, binti yangu alinitumia picha. "Mama, hii nini?" Nikaona kitambaa kikubwa, dhahabu na nyekundu, kimejikunjakunja ukutani kama khanga iliyoanikwa haraka. Nikamjibu, pazia la ikulu hilo. Akaandika, "Hebu ivute karibu." Nikaivuta kwa vidole. Loo! Vizibo. Vizibo vya pombe kali, vimepondwa vikawa bapa, vimetobolewa pembeni, vikafungwa kimoja kwa kingine kwa waya mwembamba wa shaba. Kwenye vingine jina la pombe bado linasomeka.

Msanii wake ni El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, kule Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vizibo vilivyotupwa, akaenda nao karakana kwake. Kuanzia Oktoba 2023 kazi yake ya vizibo ilining'inizwa kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London. Na pombe hiyo ina habari yake: ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizitoa kununulia watu wakati wa utumwa. Uzuri ule una kidonda ndani, naye hakukifunika. (Mlokole wa miaka 20 nimekaa nasifia vizibo vya pombe. Mnisamehe.)

Mahubiri ya Bartimayo, yule kipofu mwingine aliyeponywa na Yesu, nimesikia mengi. Huyu wa Bethsaida tunampita haraka, nadhani kwa sababu Bwana anamgusa mara mbili na hatujui tulieleze vipi hilo. Baada ya mara ya kwanza anaulizwa kama anaona kitu, wala hasemi "Amina, nimepona." Anasema, "Naona watu kama miti, inakwenda." Angeweza kunyamaza akarudi na macho nusu, na sisi tungempigia makofi kwa ushuhuda wake. Mimi ningenyamaza. Nimenyamaza mara nyingi.

Mtaani kwetu kuna mzee anayeshinda kwenye baraza ya duka la kona. Kwangu alikuwa "yule mlevi", basi, mti wa njiani. Jioni ile nikapunguza mwendo. Alikuwa anacheza drafti peke yake, kete zake visoda. Anacheza upande huu, anainuka, anazunguka kucheza upande wa pili. Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea kigoda. Nikamwuliza jina. Ilibidi alitaje mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa bado natazama visoda.