Hii ni ya Nani? Siku Moja ya Mwalimu wa Ubunifu wa Mavazi

Saa 11:00 alfajiri

Baada ya swala nafungua sanduku la marehemu mama yangu na kuchagua kanga tatu za kwenda nazo kazini. Nafundisha ubunifu wa mavazi katika chuo cha ufundi jijini Dar es Salaam, na somo nililopangiwa mwaka huu linahusu utamaduni, mitindo inayovuma na maadili ya kazi yetu. Wanafunzi wengi huanza muhula wakiliona kuwa somo la kujazia ratiba, kwa sababu walikuja kujifunza kukata na kushona. Ninalipenda kuliko masomo yote niliyowahi kufundisha, na swali ninalowarudishia kila wiki ni moja: hii ni ya nani?

Saa 2:00 asubuhi

Natandaza kanga ya kwanza juu ya meza ya kukatia na kuwaomba wataje sehemu zake. Wanazitaja bila shida: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji. Kisichofahamika kwa wengi wao ni historia yake. Nawasimulia kwamba katika karne ya 19 watumwa wa Pwani na Visiwani walivaa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Wamarekani, au kaniki iliyochovywa kwenye nili hadi ikakaribia weusi. Wanawake wa mjini walikuwa wakinunua leso na kuziunga sita ili wapate nguo moja pana, na wafanyabiashara walipoliona hilo wakaagiza vitambaa vilivyochapwa vikiwa vizima. Mjini Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ingali inajulikana na wapenzi wa kanga hadi leo. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki wakajifunga kanga, ili kila awatazamaye aone kwamba wao sasa ni waungwana, yaani watu huru. Ninapofika hapo darasa hunyamaza, kwa kuwa wengi wao wameizoea kanga ya jikoni na ya kubebea mtoto, na hawakuwahi kufikiri kwamba kujifunga tu kulitosha kuwa tangazo.

Baada ya hapo mwanafunzi mmoja analeta gauni lake la zoezi. Ushonaji wake ni safi. Mikunjo ya kiunoni imekaa sawa na zipu haionekani kabisa. Amelikata kutoka kwenye kanga ya bibi yake yenye jina linalojulikana sana, "Japo sipati tamaa sikati", lakini mkato wa ubavuni umepita katikati ya maneno na neno la mwisho limeondoka. Kwenye pindo la chini la gauni sasa panasomeka "Japo sipati tamaa", sentensi isiyo na mwisho. Nampa dakika moja alisome kwa sauti. Anafika kwenye "tamaa", anasita, kisha anasema, "Madam, sikusoma. Niliangalia rangi tu."

Simlaumu kwa kukata kanga. Wapo wazee wanaoona kuwa kanga haikatwi kabisa, ila mimi siungi mkono msimamo huo, kwa kuwa tangu siku za leso sita nguo hii imekuwa ikizaliwa kwenye mikono ya wanaoikata na kuiunga. Ninachomdai ni kusoma kwanza, na kumuuliza bibi yake ni nani aliyempa kanga ile na kwa sababu gani, maana mtu humpa mwenzake doti ya kanga akiwa amekwisha kulipima jina lake.

Saa 4:30 asubuhi

Kipindi cha mitindo inayovuma kinaanzia kwenye simu. Kila mteja wa leo humfuata fundi akiwa na picha mkononi na kusema, "Nataka mshono huu." Nimewapa kazi ya kuchagua mshono mmoja unaopendwa kwenye sherehe za harusi na kuufuatilia kinyumenyume hadi kwa aliyeuanzisha. Kati ya makundi matano, moja tu limefika mwisho, kwa mbunifu wa Lagos ambaye jina lake lilikuwa limekatwa kwenye picha kabla haijafika kwenye kurasa za mafundi wetu. Kundi jingine limejikuta likijadili kitenge, ambacho walikuwa na hakika kwamba ni cha Kiafrika tangu mwanzo. Wameshangaa kusikia kwamba aina yake mashuhuri ilianza kwa Waholanzi kuiga batiki ya kisiwa cha Java, Indonesia, kwa mashine, na kwamba kiwanda cha Vlisco cha mji wa Helmond kimekuwepo tangu mwaka 1846. Nawaambia kwamba kitenge kimekuwa chetu kwa jinsi tulivyokivaa, kukipa majina na kukishona, na kwamba kukipenda hakutuzuii kuitaja asili yake.

Kisha nawaonesha mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton, kampuni kubwa ya mitindo ya Ufaransa, ya msimu wa kiangazi wa 2012, yenye skafu za miraba myekundu na ya bluu ambayo kila mtu darasani anaitambua kuwa ni ya shuka la Kimasai. Wanakasirika, na hasira yao ni ya haki. Hapo huwaeleza jambo langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilinunua mkufu kwa mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiuza shanga barabarani, nikaunakili mpangilio wake wote kwenye kola ya gauni la maonesho, na nikapewa zawadi. Sikumtaja. Niliporudi kumtafuta baada ya miaka miwili hakuwapo tena pale, na hakuna aliyejua alikohamia. Nawaeleza bila kujificha, kwa sababu nataka waelewe kwamba hata mwanafunzi mwenye mkufu mmoja anaweza kufanya alichofanya mwenye maduka duniani kote.

Saa 8:00 mchana

Baada ya wali na maharage tunakwenda soko la Karume, Ilala, kwenye mitumba. Kila mwanafunzi anatafuta shati moja na kusoma lebo yake ya ndani. Bangladesh inatajwa mara nyingi mno, na hapo, tukiwa tumesimama kando ya meza ya muuzaji, nawasimulia habari ya Rana Plaza, jengo la ghorofa nane la Savar, karibu na Dhaka, lililoanguka tarehe 24 Aprili 2013. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, ilhali washonaji wa juu waliamriwa kurudi kwenye vyerehani vyao, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Lebo zilizookotwa kwenye kifusi ndizo zilizosaidia kujulisha dunia nguo zile zilikuwa zikishonwa kwa ajili ya nani. Mwanafunzi aliyeshika shati la mistari anaigeuza tena lebo yake na kuishikilia muda mrefu.

Mama mwenye meza anatusikiliza, kisha anatukumbusha kwamba yeye naye ana hesabu zake. Hununua belo bila kuona kilichomo, na akilikata kamba akakuta nguo zilizochanika au makoti ya baridi kali, hasara ni yake peke yake. Nawaeleza wanafunzi kwamba mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, na Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi nyingine zilirudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mjadala unakuwa mkali hadi wapita njia wanasimama. Mmoja anataka viwanda kama Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, virudie nguvu yake. Mwingine anauliza mama huyu atakula nini wakati huo. Siufungi mjadala. Nawaagiza waandike kurasa mbili wakianza na hesabu za mama, kwa sababu hoja ya maadili isiyomjua anayeumia hainishawishi.

Saa 2:00 usiku

Nasahihisha daftari nikiwa nyumbani. Mwenye gauni ameandika kwamba amempigia bibi yake Tanga, na kwamba kanga ile alipewa na wifi yake mwaka aliopoteza mtoto wa pili. Amepekua mfuko wa vipande vilivyobaki na kukiona chenye neno "sikati". Anaomba ruhusa ya kuchelewesha zoezi kwa wiki moja ili alifumue pindo la chini na kuliunga neno hilo mahali pake, na mshono wa kuungia uonekane. Naandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ruhusa imetolewa, njoo na bibi siku ya maonesho.